Tovuti ya Maalim ilivyohama hosti

Ukitaka kuhamisha tovuti ya nyumba ya wageni hapa visiwani, subiri masika. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei wageni hupungua, bahari huchafuka, na barua za kuulizia vyumba huja moja moja. Tovuti ikizimika nusu siku hakuna atakayelia. Kazi hiyo hiyo ukiifanya Julai, au ile wiki ya Krismasi, simu zitakuandama mpaka uichukie kazi yenyewe.

Kwa hiyo Maalim aliponipigia kutoka Wete kulalamikia bili ya tovuti yake, nilimjibu tu: "Maalim, wakati ndio huu."

Maalim ni mwalimu mstaafu wa Kiarabu. Nyumba yake ya wageni ni ya familia: vyumba vichache ghorofani, mapokezi na jiko chini, na bintiye ndiye anayeshughulika na wageni. Wanaofikia pale ni watu wa kuangalia ndege na popo, watu wa kutembea msitu wa Ngezi, na wapiga mbizi wanaopumzika njiani kuelekea kaskazini ya kisiwa. Tovuti ina picha, bei, fomu ya kuulizia nafasi, na ukurasa mmoja ambao Maalim anaupenda kuliko vyumba vyote: mashairi ya zamani ya Pemba aliyoyakusanya mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu upande mmoja, herufi za Kirumi upande wa pili. Sijawahi kusikia mgeni aliyelipia chumba kwa sababu ya ukurasa ule. Maalim naye hajawahi kuuliza.

Bili ilikuwa ya dola, na kila mwaka ilikuwa ikipanda. Hili halikumkuta Maalim peke yake. Kampuni nyingi za hosti, zile zinazokukodishia nafasi ya tovuti kwenye kompyuta zao ziitwazo seva, hukupa bei ya chini mwaka wa kwanza, halafu ukishazoea, na barua zako zote zimo kwao, bei ya kuhuisha inakuja na sura nyingine. Juu ya hayo, mwaka 2019 watengenezaji wa cPanel, ile paneli inayotumiwa na hosti wengi wa bei nafuu, waliacha kutoza kwa seva wakaanza kutoza kwa idadi ya akaunti zilizomo ndani yake. Hosti aliyekuwa amerundika mamia ya akaunti kwenye mashine moja akajikuta na gharama mpya, na gharama ya namna hiyo haikai kwa mwenye duka. Ukiongeza na shilingi ilivyoteremka mbele ya dola mwaka 2023 na 2024, utaelewa kwa nini mzee wa Wete anauliza kama analipia picha za vyumba vyake au anajengewa chumba kingine.

Domeni ni ya nani?

Watu wakisikia kuhamisha tovuti hufikiria mafaili. Mafaili ndiyo kazi ndogo. Swali la kwanza la kumuuliza mwenye tovuti, kabla hujagusa kitu chochote, ni hili: domeni, yaani lile jina la tovuti lenyewe, imeandikishwa kwa jina la nani, na barua za kukumbusha malipo zinakwenda kwenye anwani ipi?

Maalim hakujua. Wenye tovuti wengi wa hapa kwetu hawajui, na wala si ujinga. Tovuti hizi zilitengenezwa na vijana wetu wenyewe, mpwa wa fulani au mwanafunzi wa zamani, ambao walilipia domeni kwa kadi yao na barua pepe yao kisha wakarudishiwa pesa mkononi. Aliyemtengenezea Maalim alikuwa mwanafunzi wake. Sasa yuko Muscat, ana kazi na familia, na tovuti ya Wete imeshamtoka akilini. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini kwenye daftari la dunia domeni ilikuwa yake: jina lake, anwani yake, na barua pepe ya enzi za chuo ambayo haifungui tena, iliyofungamanishwa na namba ya simu ya Zanzibar ambayo kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine.

Nikamwandikia kwenye WhatsApp: "Yakhe, domeni ya Maalim iko kwako." Akajibu kwa vicheko na dua za kumtakia Maalim afya, kisha akanyamaza siku kadhaa. Kumbe alikuwa akihangaika kuifungua ile barua pepe. Kampuni ya barua pepe inamtaka athibitishe kwa namba ya simu. Namba si yake tena. Akajaribu kwa kompyuta ya zamani aliyoiacha kwao Chake Chake, ambayo mdogo wake ilibidi aipekue kabatini, aiwashe, na kwa bahati ikawa bado inaikumbuka paswedi.

Hapo ndipo roho yangu ilipotulia. Domeni ya .com ukitaka kuihamisha kutoka kwa msajili mmoja, yaani kampuni inayouza na kuandikisha majina, kwenda mwingine unahitaji vitu viwili kutoka kwa mwenye jina: aifungue ile kufuli ya kuzuia uhamisho, na akupe msimbo wa uhamisho. Bila ya barua pepe ile, tungeandikiana na msajili kwa wiki kadhaa, tukitumiana picha za vitambulisho. Na lau malipo ya mwaka yangepita wakati tunahangaika, saa ingeanza kuhesabu. Domeni ya .com ikishafutwa na msajili hupewa siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kuikomboa kwa faini, kisha siku 5 za kungoja kufutwa kabisa, halafu yeyote duniani anaweza kuichukua. Wapo watu ambao kazi yao ndiyo hiyo, kuvizia majina yaliyoachwa. Jina la nyumba ya Maalim limo kwenye vitabu vya wasafiri, kwenye fulana za vijana wa boti, na kwenye kibao cha barabarani. Likienda limekwenda.

Nimejiwekea desturi ambayo baadhi ya wenzangu wanaiona usumbufu: domeni duka moja, hosti duka jingine. Kampuni itakuuzia vyote viwili kwa furaha, na mwaka wa kwanza domeni utapewa bure. Siku mkikosana ndipo utakapojua kwa nini ilikuwa bure. Na kwa anayeanza leo, haswa kama wateja wake ni wa hapa nchini, namshauri aifikirie .co.tz. Inauzwa na mawakala wa hapa hapa, unalipa kwa shilingi, na ukikwama unampigia mtu mnayeelewana lugha.

Domeni ya Maalim sasa imeandikishwa kwa jina lake, kwa barua pepe ambayo yeye na bintiye wote wanaifungua, na paswedi imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la hesabu za nyumba. Najua wataalamu wa usalama watanuna. Daftari lile linafungiwa kwenye kabati moja na pasipoti za familia. Mimi naliamini kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Seva ikae wapi

Maalim alitaka tovuti yake ikae "hapa hapa, mwanangu, mbona kila kitu chetu kiko kwa watu?" Neno zuri, na lilinikwaza kulijibu.

Kwanza kuna umeme. Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo ilikuwa majenereta ya dizeli. Unguja nayo ina waya wake kutoka bara, na aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ule waya ulipokufa na mji ukakaa gizani miezi mitatu, hatakubali kuweka seva ya biashara kwenye chumba cha nyuma cha duka la mtu. Dar es Salaam wapo wenye vituo vya kweli vya data. Lakini si wachache kati ya wauzaji wa hosti wa hapa nchini wanaokuuzia kwa shilingi nafasi ambayo wao wenyewe wameikodi Ulaya au Marekani. Hilo si kosa. Ila uliza, ujue unanunua nini.

Pili, na hili ndilo lililoamua, tovuti husomwa na nani? Data ikitoka Wete kwenda Ulaya na kurudi inachukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukurasa mmoja wenye picha unafanya safari hiyo mara nyingi kabla haujakaa sawa. Anayeumia ni aliye mbali na seva. Wageni wa Maalim wako Ujerumani, Italia na Uingereza, wanatafuta mahali pa kulala wakiwa kwao. Ingekuwa tovuti ya skuli, wasomaji wake wako Mkoani na Konde, ningeitafutia nafasi Dar es Salaam bila kufikiri mara mbili.

Tarehe 12 Mei 2024 ilinipa mfano wa kumwonesha. Siku ile nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Sisi tulikaa tukitazama duara likizunguka kwenye simu. Tovuti ya Maalim, iliyokuwa Ulaya tangu zamani, iliendelea kuonekana kwa Wajerumani kama kawaida. Maalim ndiye aliyekuwa haioni. "Basi mgeni ananiona, mimi simwoni," alisema. Ndivyo. Na kwa nyumba ya wageni ni afadhali iwe hivyo kuliko kinyume chake.

Ulaya nako si peponi. Alfajiri ya tarehe 10 Machi 2021 jengo la data la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote, na mamilioni ya tovuti yakazimika. Wapo waliokuwa na bekapu, ila bekapu yenyewe ilikuwa imehifadhiwa pale pale kwenye moto. Kwa hiyo nakala ya tovuti ya Maalim ipo kwenye diski ndogo ndani ya lile kabati la pasipoti. Bintiye anaipakua upya kila mwezi, akiwa na bando la usiku.

Mafaili na herufi

Kosa la bando ni kushusha tovuti nzima kwenye laptopu yako halafu kuipandisha tena kwa hosti mpya. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa intaneti ya simu, faili moja moja, picha elfu kadhaa, umeme unakatika katikati, wanaanza tena bila kujua zipi zimefika na zipi bado. Data haina haja ya kupitia Pemba. Unaingia kwenye seva ya zamani, unafunga kila kitu katika kifurushi kimoja, unaiambia seva mpya ije ikichukue wenyewe kwa wenyewe huko Ulaya waliko. Kinachopita kwenye bando lako ni amri tu, mistari michache ya maandishi. Kazi iliyokuwa ya usiku kucha inakwisha kabla chai haijapoa.

Ukifunga kifurushi hicho kumbuka faili zinazoanza na nukta. Ukichagua faili kwa kuziona kwenye paneli, hizo hazionekani, na mojawapo ni .htaccess, ambayo kwenye WordPress, programu inayoendesha tovuti kama hii, ndiyo inayoelekeza anwani za kurasa za ndani. Ikiachwa, ukurasa wa mbele unafunguka vizuri, wewe unafurahi, na kurasa nyingine zote hazipatikani. Toleo la PHP, lugha ya programu iliyoandikiwa WordPress, nalo liangalie. Hosti wa zamani alikuwa bado kwenye 7.4, ambayo watengenezaji wake waliacha kuirekebisha tangu Novemba 2022. Hosti mpya ana 8 na kuendelea, na plagini (kiongezo) ya albamu ya picha ikafa palepale. Nikaweka nyingine. Hapakuwa na la zaidi.

Kilichonikalisha kitako ni mashairi.

Kabla ya kubadilisha chochote hadharani huwa naiangalia tovuti mpya kwa siri. Kwenye kompyuta kuna faili dogo liitwalo hosts; ukiandika humo kwamba jina fulani liko kwenye namba fulani ya seva, kompyuta yako peke yake inaamini, na dunia nzima inaendelea kuona tovuti ya zamani. Nikafungua vyumba, sawa. Bei, sawa. Nikafungua ukurasa wa mashairi, na mahali ambapo Maalim aliandika السلام nikaona hivi: Ø§Ù„Ø³Ù„Ø§Ù…

Ukurasa mzima, beti kwa beti, ilikuwa takataka ya namna hiyo. Herufi za Kirumi za upande wa pili zilikuwa salama, maana Kiswahili cha kawaida hakina herufi yenye alama juu, ndiyo maana tovuti zetu nyingi zina ugonjwa huu ndani kwa ndani na hakuna anayejua.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Kila herufi ya Kiarabu katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, inahifadhiwa kwa baiti mbili. Hifadhidata ya zamani, ambamo maandishi ya tovuti hukaa, ilikuwa imepewa lebo kwamba maandishi yaliyomo ni ya mfumo wa latin1, ambao kila baiti ni herufi moja ya Ulaya Magharibi. Lebo ilikuwa ya uongo, lakini tovuti ya zamani ilikuwa ikiweka na kutoa kwa lebo ile ile, baiti zinaingia na kutoka bila kuguswa, kwa hiyo kwa miaka yote mashairi yalionekana sawasawa. Siku ya kuhama, programu ya kutolea data ikasoma lebo, ikaiamini, ikajitia kusaidia: ikazichukua zile baiti mbili za alifu, ikazihesabu ni herufi mbili za Kizungu, na kuzigeuza moja moja kuwa UTF-8. Data ikawa imegeuzwa mara mbili.

Na kwa nini lebo iwe latin1? Kwa sababu MySQL, programu ya hifadhidata hiyo, ilizaliwa Sweden, na mpaka toleo la 8.0 lilipotoka mwaka 2018, usipoiambia kitu ilikuwa inaweka kila jedwali katika mpangilio uitwao latin1_swedish_ci. Mashairi ya wazee wa Pemba, yaliyotungwa na watu wa karafuu na mitumbwi, yamekaa miaka yote hii yakiwa yameorodheshwa kama Kiswidi. Nilimweleza Maalim. Alicheka mpaka akakohoa.

Dawa yake ipo na inajulikana: unatoa data upya huku ukiilazimisha programu isigeuze chochote, yaani uiambie nayo iseme uongo ule ule wa latin1, baiti zinatoka kama zilivyo. Kisha unalifungua lile faili la data kama maandishi, unabadilisha lebo tu iwe utf8mb4, ambalo ndilo jina la UTF-8 kamili kwenye MySQL, na ndipo unalipandisha. Usilifungue faili hilo kwa programu ya kuandikia barua, tumia ya kuandikia msimbo, la sivyo nayo itajitia kusaidia. Nikapandisha, nikafungua ukurasa, na beti zikarudi, pamoja na zile herufi za پ na چ ambazo Waswahili walizihitaji na Waarabu hawakuwa nazo. Nikamtumia Maalim picha ya skrini. Akarudisha orodha ya makosa ya uchapaji ambayo yalikuwemo tangu awali.

Kugeuza jina

Mji Mkongwe ukitafuta nyumba ya mtu huulizi namba, unauliza barazani. Mzee wa baraza ya kwanza atakwambia, "Fulani? Mlango wa tatu baada ya msikiti." Fulani akihama leo, mzee yule ataendelea kuwapeleka watu kwenye mlango ule ule mpaka apate habari mpya. DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva, inafanya kazi hivyo. Jina la tovuti linaulizwa kwa seva za kati, na kila moja inashika jibu la mwisho ililopewa kwa muda maalumu, uitwao TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Kwa Maalim ilikuwa 14400, yaani saa nne. Kama mtu Milano ameuliza sasa hivi, kwa saa nne zijazo mtandao wake hautauliza tena.

Kwa hiyo siku moja kabla unateremsha TTL iwe 300, dakika tano, na kuziacha zile saa nne za zamani zipite. Halafu ndipo unabadilisha namba. Watu husema mabadiliko "yanasambaa" duniani kwa siku mbili. Hakuna kinachosambaa, kuna kumbukumbu za zamani zinazokwisha muda, na muda huo uliupanga wewe.

Isipokuwa ukibadilisha na nameserver zenyewe, zile seva zinazoshika rekodi za DNS za jina lako. Hapo hupangi wewe. Rekodi ya nameserver kwenye daftari la .com ina muda wa sekunde 172800, siku mbili kamili, na huwezi kuupunguza. Ndiyo maana mimi siyafanyi mambo mawili kwa mpigo. Kwanza nabadilisha namba ya tovuti kwenye DNS ya zamani, nangoja kila kitu kitulie, kisha nanakili rekodi zote kwenye DNS mpya, moja baada ya moja, nalinganisha, na mwisho ndipo nageuza nameserver. Siku mbili zile hazina madhara kwa sababu pande zote mbili zinatoa jibu moja.

Tuligeuza baada ya sala ya Alfajiri. Saa kumi na moja na nusu ya hapa, Ulaya bado wamelala. Fomu ya kuulizia vyumba tulikuwa tumeifunga tangu usiku, tukaweka namba ya WhatsApp ya bintiye mahali pake, kwa sababu kwenye ile saa ya mpito baadhi ya watu wanaingia seva ya zamani na wengine mpya, na ombi la chumba likiandikwa upande usiotazamwa, ndiyo limeshapotea. Cheti cha usalama nacho hakitoki mpaka jina lifike kwenye seva mpya. Hosti mpya anatumia Let's Encrypt, ambao tangu mwisho wa 2015 wanatoa vyeti bure, na kwa njia anayoitumia hosti huyu hutoa baada ya kuhakikisha kwamba jina linaelekea kweli kwenye mashine inayoomba. Kwa hiyo kuna dakika chache ambazo brauza inapiga kelele kwamba tovuti si salama. Bora kelele hizo zipigwe alfajiri.

Barua

Tovuti ikihama vibaya utaona kwa macho. Barua ikihama vibaya huoni kitu, kimya tu, na kimya kwa mwenye nyumba ya wageni wakati wa masika ni jambo la kawaida. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na ndipo watu wengi wasipotumia hata kidogo.

Kompyuta ya mapokezi ilikuwa ikichukua barua kwa njia ya POP, inazishusha na kuzifuta kwenye seva. Bintiye Maalim kwenye simu yake alikuwa akiona zile tu ambazo kompyuta haijazivuta. Historia yote ya wageni, miaka na miaka, ilikuwa kwenye diski ya mashine moja iliyowekwa karibu na dirisha, kwenye chumvi ya bahari. Tukazipandisha zote kwenye hosti mpya kwa IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva, kompyuta na simu zikawa zinaona kisanduku kimoja, na kwangu mimi hilo peke yake lilistahili safari yote.

Kisha SPF. Hii ni rekodi fupi kwenye DNS inayosema mashine zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lako. Ukihama hosti na rekodi ikabaki na namba ya mashine ya zamani, barua zako zinaonekana za kughushi. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza kamba: wanamtaka kila anayetuma awe na SPF au saini ya DKIM, inayothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeni yako, na wanaotuma kwa wingi wawe na vyote viwili na zaidi. Wageni wa Maalim karibu wote wako Gmail. Nikarekebisha SPF, nikawasha DKIM, nikajitumia barua mwenyewe, nikafungua kichwa chake, yale maelezo yaliyofichwa ya safari ya barua, nikaona zote zimepita.

Zikapita siku. Barua kutoka Ulaya zinaingia, za kwenda zinafika. Halafu bintiye akanipigia: "Kaka, kampuni moja ya kutembeza watalii ya mjini Unguja inasema wametuandikia mara tatu, hatujibu. Mimi sijaona hata moja."

Nikawauliza watu wa kampuni ile barua zao ziko kwa hosti gani. Wakanitajia hosti yule yule wa zamani wa Maalim. Hapo nikaelewa. Seva ya zamani ilikuwa bado inajihesabu kuwa ndiyo nyumba ya barua za Maalim. Mtu wa nje akituma, barua yake inauliza DNS na kuelekezwa kwa hosti mpya. Lakini mteja mwenzako aliye ndani ya mashine ile ile akituma, seva haiulizi DNS kabisa. Inaona jina lako kwenye orodha yake na kutia barua moja kwa moja kwenye kisanduku cha zamani, ambacho hakuna anayekifungua. Aliyetuma haambiwi kitu, maana kwa upande wa seva barua imefika. Na hapa kwetu, ambako kampuni nyingi za utalii zilitengenezewa tovuti na vijana wale wale na kuwekwa kwa hosti wale wale, hili si jambo la nadra. Anayekukosa siye Mjerumani wa Hamburg. Ni jirani yako wa biashara, anayekuletea makundi.

Nikaingia kwenye paneli ya zamani, kwenye sehemu ya kuelekeza barua, nikabadilisha kutoka seva ya ndani kwenda seva ya nje. Kisha nikafungua kisanduku cha zamani. Barua tatu za kampuni ile zilikuwemo, mojawapo ikiulizia vyumba vyote kwa kundi la watu wa kuangalia ndege mwezi wa Julai. Zilikuwemo na za muuza dizeli, na ya hoteli moja ya Chake Chake iliyokuwa imejaa na kutaka kuwaelekeza wageni Wete. Bintiye alizijibu zote jioni ile ile. Vyumba vya Julai vilikuwa bado vitupu. Masika ina faida zake.

Akaunti ya zamani nimeiacha wazi mpaka mwisho wa muda uliolipiwa, na nachungulia kile kisanduku mara moja moja. Kadi nimeshaitoa ili isijihuishe yenyewe. Nimewaandikia hosti wa zamani kwamba muda ukifika wafunge na kufuta kila kilichobaki. Wamejibu kwa haraka ambayo hawakuwahi kuwa nayo tulipokuwa wateja wao: wanatupa punguzo la nusu bei tukirudi.